Ukungu Ulionyamaza

Jumanne saa moja asubuhi, Dakta Wening Prastiti aliingia jikoni kwa mama mkwe wake akiwa bado amevaa koti jeupe la maabara, akaketi juu ya gunia la soya, akasema, "Ukungu wangu umenyamaza."

Mbah Rasem hakugeuka. Mikono yake ilikuwa inafunga tempe, soya inayoshikanishwa kwa ukungu, ndani ya majani ya mgomba, na mikono ile ikishaanza kazi haisimami hata nyumba ikiungua.

"Wangu haujawahi kusema," alijibu. "Siku nikiusikia unasema, nahama."

"Mbah, sifanyi utani."

"Na mimi sifanyi. Shuka hapo, Nduk, mwanangu. Soya si kiti."

Wening akashuka. Mumewe, Kuswoyo, alikuwa anachovya vipande vya tempe kwenye uji wa unga na kuvitosa karaini kwa ajili ya wateja wa mendoan. Alimtazama mkewe mara moja tu, akazima jiko. Hilo lilikuwa jambo zito. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa yao, Kuswoyo alikuwa amezima jiko saa ya wateja mara mbili: siku aliyofariki baba yake, na siku Mlima Slamet ulipotema majivu.

Mtaa wetu wote, hapa nyuma ya stesheni ya Purwokerto, ulijua habari za ukungu namba arobaini na moja. Mbah Rasem alikuwa ametutangazia kwa miaka saba, kila aliyenunua tempe alipewa na hotuba. Mkwewe aliukwangua kwenye jani la mti wa waru lililooza. Ukiupanda katikati ya kisahani kilichojaa bakteria wa vidonda, wale sugu wanaokunywa dawa za hospitali kama chai, ukungu ule unajitengea duara tupu pande zote, kama mtu aliyekula jengkol, yale maharage yanayonukisha pumzi, anavyopata nafasi kwenye basi. Duara hilo ndilo lililompa Wening makala yake, kazi ya kuongoza maabara, na kibao mlangoni chenye jina lake, ingawa chuo kiliandika "Waning".

Sasa mwaka huu Dakta Hutagalung wa chuo kimoja cha Bandung aliomba apewe kipande cha ukungu. Akapewa. Baada ya miezi mitatu ikaja barua, na mtu wa kabila la Batak kama yeye haandiki barua ya kuzunguka mbuyu: "Nimeupanda mara tisa. Hauui hata nzi. Naomba maelezo." Nakala alimpelekea mkuu wa kitivo.

Wening alicheka kwanza. Akasema watu wa Bandung wanajua kupanda stroberi tu. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaupanda mwenyewe. Miaka miwili alikuwa akichunguza unga wa dawa alioukausha zamani, hakuwa na haja ya kuugusa ukungu wenyewe. Na asubuhi hii alipofungua kisahani, bakteria walikuwa wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, wameukumbatia ukungu wake kama shemeji aliyerudi safari.

"Labda una njaa," alisema Kuswoyo.

"Nimeulisha vizuri kuliko wewe."

"Hilo ndilo kosa," alisema Mbah Rasem. "Hata huyu mumeo nilivyomlisha vizuri hakufanya kazi."

---

Ofisini kwa mkuu wa kitivo, Profesa Sudibyo, chai ililetwa kwenye glasi yenye kifuniko na biskuti zikawekwa kwenye kisahani. Wening alijua hapo hapo kwamba mambo ni mabaya. Mambo yakiwa mazuri, Profesa huongea mlangoni.

"Bu Wening, hakuna haraka yoyote," alisema Profesa kwa sauti laini kama tapioka. "Nimeona tu tuwe na kikao kidogo. Baada ya wiki mbili hivi. Wajumbe watano, na Dakta Hutagalung atakuja mwenyewe. Tuuone ukungu ukifanya kazi, tufurahi wote, basi."

"Na usipofanya kazi, Pak?"

"Ah, mbona tufike huko." Alikizungusha kifuniko cha glasi. "Afya yako vipi lakini, Bu? Mtu akichoka, kitivo kinaelewa. Wapo waliopumzika mapema, na hakuna aliyewasema."

Kwetu Java mkubwa wako akiulizia afya yako, angalia miguu ya kiti chako. Wening aliangalia. Mkataba wake wa kuongoza maabara ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Ila kupoteza kazi sicho kilichomtisha. Mtu akiambiwa hana kazi, anatafuta nyingine. Mtu akiambiwa alitunga matokeo, hata kivuli chake kinaanza kumkana.

Aliporudi maabara alikuta kibao chake kimebanduliwa, misumari imebaki. Pak Daliman, mtunza maabara, alikuwa anafuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

"Wamekichukua kurekebisha herufi, Bu."

"Nimeomba hilo miaka sita."

"Ndiyo, Bu." Pak Daliman alizidi kufuta. "Leo wamekumbuka."

---

Wiki ya kwanza alijaribu kila kitu. Aliupanda kwenye joto, akaupanda kwenye ubaridi, akaupa uji wa viazi, uji wa mchele, uji wa soya ulioibwa jikoni kwa Mbah Rasem. Ukungu ulikua mnene, mweupe, wenye afya ya kukera. Duara hakuna.

Ijumaa jioni Pak Daliman alifunga mlango, akashusha sauti. "Bu, mimi ni mtu mdogo, sina elimu. Lakini tone moja la antibiotiki pembeni ya ukungu, tone dogo tu, duara litatokea. Nani atajua?"

Wening alimtazama. Yule mzee alikuwa ameosha vyombo vya maabara ile tangu Wening akiwa mwanafunzi, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa aibu ya kusema maneno yale.

"Pak Daliman, ukungu utajua."

"Ukungu hauitwi kikaoni, Bu."

"Ndiyo huo utakaoitwa! Sisi wengine ni mashahidi tu."

Alicheka, Pak Daliman akacheka, lakini njiani kwenye pikipiki Wening aligundua kwamba hesabu ya lile tone tayari anaijua: ukubwa, nguvu, umbali kutoka ukingoni. Kichwa kilikuwa kimeipiga bila ruhusa. Akaupita mtaa wetu kwa bahati mbaya akafika mpaka soko la Wage, ikabidi ageuze.

Usiku huo hakugusa visahani. Alichukua madaftari yake yote ya kazi, ya miaka saba, akayatandaza sakafuni jikoni, kwa sababu chumba chao ni kidogo. Swali alilobaki nalo lilikuwa dogo, la kitoto: ukungu uliokuwa unafanya kazi na ukungu huu usiofanya, nini kimebadilika katikati?

Mbah Rasem alikuwa anakagua trei za tempe kwa kuzinusa moja moja. Ghafla akasita, akanusa tena. Trei moja ilikuwa na utelezi. Akaibeba yote, kilo nne nzima, akaimwaga kwenye moto, kisha akaanza kusugua trei kwa majivu na maji ya moto, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Mbah, pengine ni maji tu yamezidi," alisema Kuswoyo. "Ungeniachia nikaikaanga."

"Kaanga kichwa chako. Mimi nimemzika Sitem."

Katika Banyumas, wilaya yetu hii, hakuna asiyejua maana ya maneno hayo. Sitem alikuwa dada yake mkubwa. Alikula bongkrek, tempe ya makapi ya nazi iliyoingiliwa na bakteria. Haikuwa na harufu mbaya wala ladha mbaya. Asubuhi alikula, kesho yake alifunikwa shuka. Tempe ile imepigwa marufuku siku nyingi, lakini mtu wa huku akiona bakteria kwenye ukungu haulizi jina wala kabila. Anaua kwanza, anasugua mara tatu.

Wening alikuwa anamtazama mkwewe akisugua. Halafu akainama, akaanza kufungua madaftari kwa haraka kama anayetafuta tiketi na treni inaondoka. Alipata ukurasa. Ulikuwa wa miaka miwili na miezi minne iliyopita, kwa mwandiko wake mwenyewe:

"Namba 41. Nimeona bakteria kwenye nyuzi! Nimeukuza kwenye antibiotiki. Mara tatu, kwa uhakika. Sasa ni safi kabisa."

Na chini yake alikuwa amepiga mstari, kwa furaha.

"Mas," alimwita mumewe polepole. "Mimi ndiye niliyeunyamazisha."

---

Kazi ya ukungu ina tabia moja inayofanana na kazi ya bibi yeyote: hutupi kitu. Nyuma ya friji ya maabara, ndani ya boksi la viatu, kulikuwa na vichupa vidogo vya maji safi, kila kimoja na kipande cha ukungu kilicholala. Wening alipata kichupa cha mwaka wa kwanza, cha kabla ya ule usafi. Akaupanda. Siku tatu alikuja maabara saa kumi na mbili asubuhi, akamkuta Pak Daliman amemtangulia, amesimama mbele ya kabati la joto mikono nyuma, kama anasubiri mtu atoke chumba cha upasuaji.

Siku ya tatu wakafungua. Duara lilikuwepo. Kubwa, safi, ukingo wake umekatwa kama kwa mkasi.

"Alhamdulillah!" Pak Daliman alipiga kofi. "Bu umepona!"

"Ngoja."

Alichukua uzi mmoja wa ukungu, akauweka chini ya hadubini. Uzi wa ukungu ukiukuza ni kama bomba la kioo. Alizungusha skrubu taratibu mpaka bomba likawa wazi, akatulia. Ndani ya bomba, mle mle ndani, walikuwemo: vijiti vidogo vidogo, vinatikisika, vinapishana kama wapangaji kwenye korido moja.

Alikaa pale mpaka chai yake ikapoa na Pak Daliman akanywa. Miaka saba alikuwa anampongeza mwenye nyumba. Sasa ikamjia kwamba pengine mwenye nyumba hajawahi kufanya kazi hata siku moja. Kazi ilifanywa na mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye yeye Wening alimfukuza kwa dawa na kupiga mstari kwa furaha.

"Pengine," alijiambia. Akasaga nyuzi za ukungu wa zamani, akawatoa wale vijiti, akawapanda peke yao. Siku nne zilibaki kabla ya kikao.

---

"Subiri," alisema Kuswoyo mezani. "Lile duara limerudi au halijarudi?"

"Limerudi."

"Basi imekwisha! Waonyeshe duara, chukua mkataba wako, njoo tule."

"Na wakiuliza nani amelifanya?"

"Wataulizaje? Ukungu una kitambulisho?"

"Mas, makala yangu inasema ni ukungu. Kama ni mpangaji wake, nimeandika uongo."

"Hukujua!"

"Nilikuwa sijui. Sasa najua. Nikinyamaza kuanzia leo, ndipo utakuwa uongo."

Kuswoyo alisukuma sahani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeuza mendoan rupia elfu moja na mia tano kipande, na alijua mshahara wa mkewe ni vipande vingapi. "Mtu anapewa kamba akiwa kisimani," alisema, "yeye anaomba kwanza aijue historia ya katani."

Mbah Rasem alikuwa ameacha kula tangu neno bakteria lilipotajwa. "Hao vijiti wako," alisema. "Ni ndugu wa bongkrek?"

"Sijui, Mbah. Inawezekana ni binamu. Inawezekana hawajuani kabisa."

"Na ulikuja na mikono hiyo kufunga tempe yangu?"

"Nimevaa glavu, Mbah, na nimenawa..."

"Usiguse trei." Mzee aliinuka, akazihesabu trei zake kana kwamba Wening ameshaiba moja. "Mpaka ujue, usiguse trei. Chumba changu usiingie. Na nguo hizo zifulie huko huko chuoni."

Katika nyumba ya tempe, kukatazwa trei ni kama kukatazwa jina. Siku nne Wening alikula chakula chake barazani, sahani yake imetengwa, kijiko chake kimefungwa uzi mwekundu kisichanganywe na vingine. Jirani Bu Partini alipita akaona, akauliza kwa huruma tamu ya kimbea, "Kuna anayeumwa?" Wening akajibu, "Mimi, Bu. Naumwa kutojua." Bu Partini akaenda kutangaza kwamba kutojua ni ugonjwa wa Kijerumani.

---

Siku ya kikao mvua ilinyesha, na wajumbe watano waliingia na miavuli inayochuruzika. Dakta Hutagalung alikuwa jitu la sauti nene, mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko kisahani. Alimsalimia Wening akikunja uso.

"Nimekuja kukuzika, Bu. Unaona? Nimevaa batiki ya msiba kabisa."

"Karibu, Pak. Chai kwanza au jeneza?"

Hutagalung alishtuka, kisha mdomo ukamcheza kidogo.

Wening aliweka visahani vitatu mezani. "Hiki cha kwanza ni ukungu nilioutuma Bandung. Hakuna duara. Dakta Hutagalung alisema kweli tangu mwanzo, mara zote tisa."

Wajumbe walitazamana. Profesa Sudibyo alikohoa, tayari kuulizia afya.

"Cha pili ni ukungu ule ule, wa kichupa cha miaka saba iliyopita. Duara lipo." Minong'ono. "Cha tatu," alivuta pumzi, "hakina ukungu kabisa. Kina bakteria niliowakuta wakiishi ndani ya nyuzi za huu wa pili. Tazameni."

Cha tatu kilikuwa na duara kubwa kuliko yote.

Hutagalung alikiinua, akakigeuza kwenye taa, akakishusha, akakiinua tena. Ukali wote ulikuwa umemtoka usoni. Alibaki na uso wa mtoto aliyeona kinyonga. "Wanaishi ndani? Ndani ya uzi wenyewe?"

"Hadubini ile pale."

Aliinama. Alikaa hivyo mpaka mjumbe mmoja akaanza kula biskuti. "Lahaula," alisema Hutagalung, na yeye ni Mkristo. "Wamejaa! Kwa hiyo uliniletea nyumba tupu?"

"Nilikuletea nyumba tupu. Nilimfukuza mpangaji miaka miwili iliyopita na nikasahau kwamba nimefukuza mtu."

"Kwa nini ulimfukuza? Hata kumchunguza kidogo?"

"Pak, mimi nimeolewa kwenye nyumba ya tempe ya Banyumas. Huku bakteria kwenye ukungu haulizwi habari. Niliwaua kwa mikono ya mama mkwe wangu."

Wajumbe wawili, wenyeji wa huku, waliinamisha vichwa. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Hata mimi ningewaua."

"Makala yangu ina kosa," Wening aliendelea. "Naomba mimi mwenyewe ifutwe. Na kama bakteria hawa ni hatari au la, sijui bado. Naomba muda wa kujua."

Profesa Sudibyo aliunganisha vidole. "Tumekusikia, Bu Wening. Kwa kweli tumeguswa. Jambo hili litatafutiwa wakati wake mzuri."

Wening akaelewa. Hiyo ilikuwa hapana, imevalishwa sarong ikapakwa manukato. Akaanza kukusanya visahani vyake.

"Samahani, Profesa," alisema Hutagalung. "Hiyo ni ndiyo au hapana?"

Katibu wa kikao aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Kwetu swali hilo haliulizwi.

"Ni... tutaliangalia."

"Lini? Kwetu Toba neno lisilo na mfupa hatulimezi, linatukwama. Nimepanda treni saa nyingi kuja kumuona tapeli. Nimekuta mtu aliyejifunga bao mwenyewe mbele yangu wakati angeweza kunionyesha kisahani cha pili tu na nikarudi nyumbani kuomba radhi. Sasa ana kazi au hana?"

Profesa alikunywa chai, ingawa glasi ilikuwa tupu. "Miezi sita," alisema hatimaye.

"Ya nini?"

"Ya utafiti."

"Ya nani?"

"Dakta Hutagalung!"

"Nauliza tu, ili katibu asikosee."

"Ya Bu Wening," alisema Profesa, jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo. "Bila cheo cha mkuu wa maabara. Katika chumba cha stoo. Na makala ifutwe leo."

"Katibu, umeandika?" Hutagalung aliuliza.

Katibu alikuwa ameandika.

---

Fomu ya kufuta makala ina mstari mmoja tu wa sababu. Wening aliandika, akafuta, akaandika: "Mwandishi aliua mfanyakazi halisi bila kumuuliza kazi yake."

Hutagalung alisoma juu ya bega lake. "Hilo ni shairi. Wahariri watadhani umelewa. Andika jina la dawa na tarehe."

Akaandika jina la dawa na tarehe. Kisha akaweka sahihi, na ile sahihi ikafuta miaka saba kwa kalamu ya bure ya benki.

Jumatatu iliyofuata Kuswoyo alifunga kibanda mpaka saa tano akaja kusaidia kutoa viti vibovu stoo. Alihesabu thelathini na nane, akakiita kila kimoja jina la mjumbe wa kikao. Nyumbani Wening alikuwa bado anakula barazani, na kijiko chake bado kilikuwa na uzi mwekundu. Mbah Rasem alisema miezi sita si mingi, yeye amengoja mambo makubwa zaidi kwa muda mrefu zaidi. Ila asubuhi hiyo alimtumia mkwewe swali kupitia mwanawe: hao vijiti, wakila, wanakula nini?

"Mwambie ndilo swali la kwanza kwenye orodha," alisema Wening.

Pak Daliman alileta daftari jipya la kuandikisha vimelea vya maabara, akachora mistari kwa rula. "Jina la ukungu nimeandika, Bu. Hapa pa pili, huyu mwingine, niandike nani?"

"Hana jina bado."

"Daftari halipokei nafasi wazi, Bu. Mkaguzi atauliza."

Wening alikuwa tayari ameinamia hadubini, mkono mmoja kwenye skrubu, hajatoa hata koti la mvua. Kwenye kioo vijiti vilikuwa vinapishana kwenye korido yao, vina haraka, vina shughuli zao.

"Andika: yupo," alisema.

Pak Daliman akafikiri kidogo. Akaandika.